Njia ya Miguu ya Ruvu

Watu wa zama zetu, wapatapo siku moja ya mapumziko, hupenda kufuata kijia cha kando ya mto mpaka penye maporomoko, wakaketi juu ya mwamba, wakala chakula walichofungasha, wakasikiliza mvumo wa maji, kisha magharibi isijaingia wakarejea makwao. Ni tafrija njema, nami sina neno nayo. Walakin katika bonde la Mto Pangani, tangu Korogwe kushuka mpaka Hale, na katika nchi ya Handeni iliyo ng'ambo ya kusini, kijia cha namna hiyo hakikufanywa na watu wa matembezi. Kilifanywa na wapagazi, na watumwa, na watu waliokimbia njaa, na wanawake wenye mitungi vichwani. Na sababu ya kufanywa kwake ni hayo maporomoko yenyewe, kama nitakavyojaribu kubainisha.

Mto huu una majina mawili. Watu wa pwani huuita Pangani, kwa jina la mji ulioko mdomoni mwake, na ndilo lililoshika katika ramani. Bali Wazigua na jirani zao wa bara huuita Ruvu, nami katika makala haya nitaufuata ulimi wao, maadamu ni wao waliokaa ukingoni mwake. Maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru, yakaenda mwendo wa kilometa zipatazo 500 kabla ya kuifikia bahari, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni katika nyika kavu, chini ya ukuta wa milima ya Upare na Usambara. Kabla ya kufika Korogwe yanapokea mto Mkomazi. Karibu na Korogwe yanapokea Luengera, mto unaoteremka katika bonde linalozitenga Usambara ya mashariki na ya magharibi. Kisha, yafikapo Hale, nchi yenyewe hukatika ghafula kutoka uwanda wa juu kuelekea sahili, na mto, usio na hiari, huanguka pamoja nayo juu ya majabali.

Upande wa kaskazini wa maji hayo ni milima yenye ukungu, migomba na mvua. Upande wa kusini ni Uzigua wa Handeni, nchi ya vichaka na vilima vya mawe, ambayo mvua zake hazina ahadi, na ambayo vijiji vyake, Kwamatuku, Kwamsisi, Kwachaga, huanza na neno lile lile, "kwa", kana kwamba kila kijiji ni mlango wa nyumba ambao mgeni hana budi kuubishia hodi. Watu wa pande zote mbili, Wazigua, Wanguu, Wabondei na Washambaa, husema kwamba asili yao ni moja, kwa Seuta, mtu wa uta. Na mwenye kusikiliza lugha zao hana sababu ya kulikataa neno hilo.

Sasa, mtu atazamaye ramani atadhani kwamba mto mrefu hivi, utokao miguuni mwa Kilimanjaro mpaka bandarini, ulikuwa ni barabara ya maji, na kwamba pembe za ndovu zilishuka kwa mitumbwi mpaka kwenye majahazi. Haikuwa hivyo. Vyombo viliweza kupanda kutoka Pangani na maji ya bahari yajaapo, vikapita katikati ya minazi na mikoko, lakini kabla ya Hale majabali yalivizuia, na juu ya majabali mto ulijaa viboko, mamba na mikondo. Kwa hiyo kila kilichotoka bara na kila kilichotoka pwani ilikuwa lazima kipite kichwani au begani mwa mtu. Laiti maporomoko yasingalikuwapo, Pangani ungalikuwa mji wa mabaharia wa mtoni. Kwa kuwa yalikuwapo, ukawa mji wa wapagazi, na njia ya miguu ikazaliwa pembezoni mwa maji yasiyopitika.

Misafara ilianza Pangani, ikiongozwa na kirangozi na bendera yake, ikapita Chogwe na mlima wa Tongwe, ambako Sultani wa Unguja aliweka askari wa Kibulushi, ikaufuata Ruvu kupitia Korogwe, ikashika chini ya milima mpaka Mazinde, na kutoka huko ikaelekea Upare, Kilimanjaro na Umasaini. Ilichukua merikani, kaniki, ushanga, nyaya za shaba na bunduki; ilirudi na pembe, na, kwa miaka mingi ya huzuni, na watu. Kila mkuu wa kijiji alidai hongo, na mwenye kuidai hakuhesabiwa kuwa mnyang'anyi, kwa kuwa alilinda kivuko, alikataza wizi na aliuza chakula. Jinsi njia hii ilivyokuwa na nguvu yaonekana kwa Semboja, mwana wa Kimweri wa Usambara: watawala wa ukoo wa Kilindi walikuwa wakikaa Vuga, juu mlimani, mbali na vumbi la misafara, lakini Semboja aliliacha jambo hilo la wazee, akaweka maskani yake Mazinde, chini kabisa, penye njia, akatajirika kwa bunduki na biashara, na ufalme wa milimani ukapasuka vipande katika vita vya warithi. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy ameyaeleza mambo hayo kwa Kiswahili safi katika Habari za Wakilindi, nami namsihi kila kijana wa Korogwe asimalize shule kabla ya kukisoma kitabu hicho.

Wenyeji wa mtoni walikuwa na werevu wao. Wazigua wa Ruvu walijenga vijiji juu ya visiwa katikati ya mto, kama Maurui na Korogwe ya kale, wakavifikia kwa mitumbwi na kwa madaraja membamba ya miti, ili wakija wateka ng'ombe au wateka watu, daraja liondolewe na mto uwe boma. Katika nyakati za amani walilima ng'ambo mchana na kurudi kisiwani jioni. Mtu asimamaye leo ukingoni penye Old Korogwe, akaitazama mikindu na matete, na afikiri kwamba maji haya yaliyokuwa yakitisha kwa mamba ndiyo yaliyowapa watu usingizi.

Katika mwezi wa Februari 1857 walipita katika njia hii Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, wakienda Vuga kumwona Kimweri mzee. Walipanda mto kwa chombo kutoka Pangani, wakafika Chogwe, na kutoka hapo wakaenda kwa miguu kupitia Tongwe na nchi ya Wazigua wa ukingoni. Kimweri, aliyekuwa mgonjwa na mkongwe, aliwapokea akitumaini dawa ya kumrudishia nguvu, nao hawakuwa nayo. Waliporejea walichepuka kuyatazama maporomoko ya Ruvu. Na Burton, mtu ambaye maandishi yake juu ya Waafrika yamejaa dharau isiyosameheka, aliyaandika maji hayo kwa heshima, yakitokeza katika msitu mzito na kuanguka katika mikono mitatu juu ya ukuta wa mwamba. Nimeona waandishi wakiitaja siku hiyo kana kwamba ndipo maporomoko yalipoanza kuwapo. Mimi naona lililo kubwa katika safari ile ni jingine. Katika askari wa Chogwe alikuwapo Myao mmoja, aliyetekwa kwao akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, akapata uhuru wake kwa kufa kwa bwana wake, akarudi Unguja na kuandikwa katika jeshi la Sultani. Jina lake Sidi Mubarak Bombay. Alijiunga na wageni wale katika njia hii ya Ruvu, na miguu yake haikutulia tena: ilifika Ziwa Tanganyika, ikafika Nyanza, ikamfuata Speke mpaka mto Nili, ikaenda na Stanley kumtafuta Livingstone, na pamoja na Cameron ikakata Afrika kutoka bahari mpaka bahari. Hakuna mtu wa zama zake ninayemjua mimi aliyeikanyaga Afrika ya kati zaidi yake, naye alianzia hapa, katika mwendo wa siku chache wa kwenda kuona mfalme na maji. Hapo Chogwe sharti pawe na jiwe lenye jina lake.

Upande wa Handeni taarikhi ya miguu ni chungu zaidi. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliiangukia nchi ya Uzigua. Watu walishuka pwani wakitafuta chakula, wakajiweka rehani au wakawekwa na wenzao, na wengi wakajikuta majahazini, wakapelekwa kuuzwa katika miji ya Banadiri, kama Barawa. Huko Somalia walitoroka mashamba ya mabwana, na masimulizi ya wazee wao humtaja mwanamke, Wanankhucha, aliyewaongoza, kwa nia ya kurudi Uzigua kwa miguu. Walifika bonde la mto Juba, wakaona misitu na maji, na nguvu ikawaishia. Wakalima hapo, wakajilinda, wakaitunza lugha yao vizazi na vizazi mbali na Ruvu. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 vilipowafukuza, baadhi yao walivuka bahari wakaja Tanzania, wakapewa kambi Mkuyu, Handeni, kisha tangu 2003 makao ya Chogo katika wilaya hiyo hiyo, na wengi wakapata uraia. Safari iliyokatika Juba ilimalizika hivyo, kwa wajukuu wa wajukuu, na wenyeji wa Handeni waliowapokea waliwaelewa waliposema.

Njia ya kando ya mto iliuawa na reli. Wadachi, yaani Wajerumani, walianza kuijenga Tanga mnamo 1893, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911, na mzigo uliohitaji vichwa mia ukaingia katika behewa moja. Ukingo wa Ruvu ukapandwa mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893, yakisalimika machipukizi 62 tu katika elfu. Na kwa kuwa korona, yaani mashine ya mkonge, haiwezi kusaga majani pasipo maji mengi, mashamba yakasongea mito, na vijia vya wapagazi vikawa vijia vya manamba, waliotoka nchi za mbali kwa mkataba. Mara moja tu misafara ya vichwa ilirudi kwa wingi wa zamani: mwezi wa Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Smuts yalipoteremka kwa ukingo wa Ruvu, yakaitwaa Korogwe, kisha Handeni, yakiwafuata Wadachi waliokuwa wametandaza reli ndogo ya matoroli kutoka Mombo mpaka Handeni. Wapagazi waliokufa katika vita vile kwa homa, kuhara na njaa hawana makaburi yenye majina.

Kisha ikawa zamu ya maporomoko yenyewe. Mwaka 1931 ilianzishwa kampuni ya kuuza umeme Tanganyika, ile ambayo kwa kugeuka jina na kupanuka imekuwa TANESCO ya leo, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuyatia maji ya Pangani katika mitambo, ili mji wa Tanga na mashamba ya mkonge yapate nguvu. Kituo hicho kilifikia megawati 17.5. Hale ikafuata mwaka 1964, megawati 21, na Pangani mpya mwaka 1995, megawati 68, mitambo ya vituo hivi viwili ikiwekwa chini ya ardhi. Maji yaliyokuwa yakianguka juani sasa huanguka gizani. Katika masika, mto ujaapo kupita kiasi cha mabomba, mwamba hufunikwa na povu kama zamani. Katika kiangazi mtembezi huona majabali makubwa, meusi, na vidimbwi baina yake, na uvumi wa maji husikika mbali kidogo, mahali asipoweza kuuona.

Silaumu. Taa iliyowaka katika zahanati ya Tanga iliwaka kwa maji haya. Na Handeni, iliyokuwa ikichimba visima vya maji ya chumvi na kuchota madimbwi pamoja na ng'ombe, ilivutiwa mabomba kutoka Ruvu, upande wa Korogwe, kwa mradi ulioanzishwa miaka ya 1970, ingawa mabomba hayo kwa muda mrefu yalikuwa makavu mara nyingi kuliko yalivyokuwa na maji. Ninalolalamikia ni kwamba tumeutumia mto kwa kila jambo ila kuukumbuka. Huko juu, mashamba ya Arusha na Moshi huuchota. Katikati, bwawa la Nyumba ya Mungu huushika. Chini, mitambo huungoja. Na kadiri maji yapunguavyo mdomoni, chumvi ya bahari huupanda mto na kuharibu mashamba ya watu wa Pangani.

Basi ninawaomba walimu wa Korogwe na Handeni: katika mwaka chagueni siku moja baada ya masika, njia ikiwa imekauka na mto bado una maji, muwatembeze wanafunzi wenu ukingoni kwa miguu, pamoja na mzee anayeijua nchi, wala msiende karibu na maji penye mamba. Waonyesheni visiwa, waonyesheni vivuko, watajieni Semboja, Wanankhucha na Bombay. Na wenye mamlaka ya mitambo nawaomba siku hiyo wauachie mwamba wa Hale maji yake kwa saa chache, ili watoto wa Ruvu wauone mto wao ukianguka.