Ligi Kuu ya Hoki ya Wanaume Kenya: Timu, Sheria, na Mbona Kila Stori Inarudi kwa Nyasi Bandia

Kenya tushawahi kuwa namba nne duniani kwa mchezo wa timu. Si ati Afrika, ni dunia mzima. Na haikuwa raga, haikuwa voliboli, na soka hata usianze. Ilikuwa hoki, ama mpira wa magongo vile watangazaji wa redio hupenda kuiita. Mwaka ni 1971. Leo simama kwa stage yoyote Nairobi uulize wasee wakutajie timu mbili tu za ligi kuu ya hoki. Wengi watakucheki kama umewaomba fare.

Lakini ligi iko, na wikendi zikifika kuna vijana wanatoka jasho Parklands kuitetea. Kama hujawahi kuifuata, hii hapa ndio rada yote: mchezo unaenda aje, nani anaendesha, timu gani ni moto, na nini kilitutoa hapo juu.

Mchezo wenyewe unaenda aje

Kila timu inaingiza wachezaji 11, kipa akiwemo. Uwanja ni mita 91.4 kwa 55, kwa hivyo ni mdogo kidogo kuliko wa soka. Mechi ina robo nne za dakika 15 kila moja. Kubadilisha wachezaji hakuna kikomo, mtu anaweza kutoka apumue halafu arudi, ndio maana spidi haishuki.

Gongo lina upande bapa na upande wa mviringo. Unaruhusiwa kugusa mpira na ule bapa pekee. Hata kama wewe ni wa mkono wa kushoto, pole, magongo yote hutengenezwa ya kulia. Mguu nao hauruhusiwi, mpira ukikugonga ukapata faida refa anapuliza. Ni kipa tu anaweza kutumia miguu na mwili, tena akiwa ndani ya D.

Hiyo D ni ile nusu duara iliyo mbele ya goli, na ukubwa wake ni mita 14.63. Bao halihesabiki kama mshambuliaji hajaugusa mpira ndani yake. Ukipiga bunduki kutoka katikati ya uwanja na iingie moja kwa moja, hujafunga kitu. Na sahau ofsaidi, hoki iliitoa miaka ya 90.

Kitu cha kukufanya usimame ni kona fupi. Mabeki wakikosea ndani ya D, watano tu ndio wanabaki kwa mstari wa goli, kipa akiwa mmoja wao. Wengine wote wanarudishwa hadi nusu ya uwanja. Mshambuliaji mmoja anausukuma mpira kutoka kwa mstari wa nyuma, mwenzake anausimamisha nje ya D, wa tatu anauachilia. Hao mabeki wanatimka mbio kuukuta wakiwa wamevaa maski za uso. Mechi nyingi za hoki huamuliwa hapo, kwa sekunde chache.

Kadi ziko tatu. Kijani inakuweka nje dakika mbili. Njano ni dakika tano ama zaidi. Nyekundu, enda ukaoge.

Nani anaendesha ligi

Chama cha hoki nchini, Kenya Hockey Union, ndicho mwenye mchezo. Premier League ya wanaume ndio daraja la juu kabisa, na chini yake kuna Super League. Timu hupanda na zingine hushuka. Ushindi ni pointi tatu na sare ni moja, kama tu soka. Bingwa hupata nafasi ya kuiwakilisha Kenya kwa kombe la klabu bingwa Afrika.

Nyumba ya ligi ni uwanja wa City Park, pale Parklands, karibu na ule msitu wa tumbili. Hii ndio sehemu unafaa kuishika vizuri kwa sababu tutairudia. Klabu za Nairobi ziko karibu. Ukiwa klabu ya Kakamega, Kisumu ama Mombasa, kucheza kwa uwanja wa taifa ni kukodisha gari, kutafuta pa kulala na kulisha kikosi kizima. Na hapo hujagusa mpira.

Timu za kujua

*Kenya Police.* Hawa ni wakubwa. Ni timu ya kikosi cha usalama, na hiyo inawapa kitu ambacho klabu nyingi zinaota tu: mchezaji ako na kazi na mshahara, na kuna mwajiri anayetaka timu ifanye poa.

*Butali Warriors.* Hawa walitikisa mambo. Jina limetoka kwa kampuni ya sukari ya Butali, iliyoko Malava, kaunti ya Kakamega. Ligi iliyokuwa imezoea mabingwa wa Nairobi ikajikuta na mbogi ya magharibi inayobeba kombe. Kwa zaidi ya miaka kumi, mjadala wa ubingwa mara nyingi umekuwa ni Police ama Butali, hao wengine wanapigania nafasi zilizobaki.

*Strathmore Gladiators.* Timu ya chuo, vijana, spidi nyingi. Shida ya timu za vyuo inajulikana: ukishamaliza kumpika mchezaji, anagraduate.

*Sikh Union.* Hapa unaongea na historia. Klabu za Masingh na za Wagoa ndizo zililea hoki ya nchi hii kabla mtu yeyote hajafikiria nyasi bandia.

Kuna pia Wazalendo, Greensharks, Sailors, Parkroad Badgers na Western Jaguars, zote zimewahi kucheza daraja hilo la juu.

Na ukijiuliza wachezaji hutoka wapi, angalia shule. Musingu ya Kakamega, Friends School Kamusinga ya Bungoma na St. Anthony's ya Kitale ni majina ambayo kila kochi anayajua. Yaani magharibi mwa Kenya ndiko viwanda viko. Kijana anashika gongo akiwa shuleni, anajifunzia kwa nyasi ya kawaida, mahali mpira unaruka vile unataka. Shikilia hiyo pia.

Tulikuwa wapi

Timu ya Kenya ya wanaume imecheza Olimpiki mara saba: 1956, 1960, 1964, 1968, 1972, 1984 na 1988. Kule Rome 1960 tulimaliza wa saba. Kule Tokyo 1964, Olimpiki yetu ya kwanza kama nchi huru, tukawa wa sita. Hiyo ndiyo Olimpiki Wilson Kiprugut alileta medali ya kwanza ya Kenya, so kila mtu anakumbuka mbio, hakuna anayekumbuka magongo.

Halafu ikaja Kombe la Dunia la kwanza la hoki, Barcelona 1971. Pakistan wakabeba, Uhispania wa pili, India wa tatu, Kenya wa nne. Soma hayo majina tena. Nyuma yetu kulikuwa na mataifa ya Ulaya yenye pesa na viwanja.

Jina kubwa la enzi hizo ni Avtar Singh Sohal, beki ambaye mashabiki walimwita Tari. Alicheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia 1960 hadi 1972, na alikuwa nahodha kwa tatu kati ya hizo. Kama tungekuwa watu wa kujenga sanamu za wanamichezo wetu wa zamani, yake ingekuwa City Park.

Nini ilitokea

Wasee hupenda kusema "uongozi mbaya" halafu wanafunga mjadala. Ukweli una vipande kadhaa.

Cha kwanza, watu walihama. Timu ya zamani ilijaa Masingh na Wagoa, na kuanzia mwisho wa miaka ya 60 Waasia wengi wa Kenya walienda Uingereza na kwingine. Waliondoka na ujuzi, makochi, na watoto ambao wangekuwa wachezaji. Mbegu zilikuwa zimeanza kupandwa kwa shule za Waafrika, lakini mti hauoti kwa msimu mmoja.

Cha pili, tulikosa Olimpiki mbili mfululizo. Mwaka wa 1976 Kenya ilisusia Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi na haikufungiwa. Mwaka wa 1980 tukasusia Moscow, hiyo ikiwa ni sababu ya Wasovieti kuvamia Afghanistan. Kisiasa unaweza kuitetea misimamo hiyo. Kwa mchezaji aliyekuwa kwa kilele chake, ni miaka nane imeenda.

Cha tatu ndio ngori yenyewe. Ile Montreal tuliyokosa ndiyo Olimpiki ya kwanza hoki kuchezwa kwa nyasi bandia.

Mbona nyasi bandia ni maneno

Unaweza kudhani ni mambo ya urembo. Hapana. Ni kama mchezo ulibadilishwa na sisi hatukuambiwa.

Kwa nyasi ya kawaida mpira unadunda. Lazima upunguze spidi, uutulize, uucheze na kifundo cha mkono. Kwa nyasi bandia iliyomwagiwa maji, mpira unateleza kama umepakwa mafuta. Pasi ya mita 30 inafika kabla hujamaliza kufikiria. Kona fupi inageuka kuwa silaha kwa sababu mpira unasimama pale tu ulitaka usimame. Mchezo unadai mapafu, nguvu na mazoezi ya kila siku kwa uwanja huohuo. Huwezi kuisoma Ijumaa ucheze Jumamosi.

City Park ilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Hesabu mwenyewe: miaka 11 baada ya Montreal. Na unajua nini kilifanyika hapo? Kenya ilishinda dhahabu ya hoki ya wanaume, nyumbani, na kukata tiketi ya Seoul 1988. Yaani tulipopewa uwanja, tulijibu.

Seoul ndiyo ilikuwa ya mwisho, tukamaliza wa 12. Mapema miaka ya 90 Afrika Kusini ikarudi kwa michezo ya kimataifa, na tangu hapo wao na Misri ndio wanaume wengine Afrika wanapaswa kuwavuka kwanza. Kwa hivyo si uwanja peke yake. Lakini angalia safari ya kijana wetu wa Bungoma. Anatoka shule akiwa amecheza kwa nyasi ya kawaida miaka kadhaa, anaingia ligi, na anaanza kujifunza hoki ya kisasa akiwa na miaka 19 ama 20. Wenzake wa nchi kubwa za hoki waliianza wakiwa watoto.

Na hiyo nyasi yenyewe huchakaa. Baada ya miaka kumi hivi unafaa kuitoa uweke ingine, la sivyo inakuwa ngumu, inateleza vibaya na inaumiza magoti. Ligi ikitegemea uwanja mmoja mkubwa, ukiugua huo uwanja, ligi nzima inaugua.

Doh iko?

Tuseme tu vile iko. Hii si ligi ya kuomokea. Kuna timu za waajiri, timu za vyuo, na klabu ambazo wachezaji wenyewe hutoa mfukoni. Mtu ako kwa ofisi Jumatatu hadi Ijumaa, anafanya mazoezi jioni, wikendi anacheza. Gongo zuri la kisasa linatoka nje ya nchi, na vifaa vya kipa, kuanzia kofia hadi miguu, ni mzigo wa klabu si wa mtu mmoja.

Ndio maana Police na Butali zinakaa juu. Si uchawi. Ligi ambayo pesa za mchezo ni kidogo, anayeshinda ni yule aliye na mwajiri ama mfadhili anayevumilia. Na mfadhili akichoka, hatari ni kubwa. Waulize mashabiki wa hoki ya wanawake: Telkom Orange, timu iliyobeba ubingwa wa klabu Afrika mara nyingi kuliko yeyote hapa nyumbani, leo inaitwa Blazers kwa sababu jina la kampuni liliondoka. Wanawake hao walisimama. Si kila klabu ya wanaume ingesimama.

Ukienda kucheki mara ya kwanza

Usikae nyuma ya goli, mpira wa hoki ni mgumu na una uzito wa gramu 156 hadi 163. Ukikupata utajua. Kaa juu kidogo ndio uone nafasi zikifunguka. Usifuate mpira tu, angalia nani anaingia D. Refa akinyoosha mikono yote miwili kuelekea goli, hiyo ni kona fupi, weka simu chini. Na ukipata Police dhidi ya Butali kwa ratiba, panga siku yako iizunguke hiyo.

Wasee husema hoki ilikufa Kenya. Haijakufa. Shule bado zinatoa vijana, klabu bado zinasafiri, na mechi bado zinapigwa. Kinachokosekana ni viwanja: kimoja magharibi, kimoja Pwani, mahali mtoto wa darasa la sita anaweza kuuona mpira ukiteleza. Serikali ilipojenga City Park kwa sababu ya michezo ya 1987, dhahabu ilipatikana mwaka huohuo. Sasa wewe na mimi tujiulize Kakamega ingeleta nini.