Faili lililozifanya flashi na modemu zifanye kazi

Kuanzia mwaka 2008 shule za msingi za Rwanda zilianza kupokea kompyuta ndogo za XO. Zile za mwanzo zilitumia mfumo wa Linux na kila moja ilikuwa na hifadhi ya GB 1 tu, hivyo aliyetaka kuongeza nafasi alitegemea flashi kwenye mojawapo ya milango 3 ya USB. Ndani ya Linux kuna faili liitwalo unusual_devs.h, linaloorodhesha vifaa vya USB vyenye kasoro. Sisi wa Gisenyi na majirani zetu wa Goma tunadaiwa shukrani kwa walioliandika.

Flashi zilianza kuuzwa mwaka 2000. Ile ya IBM ilibeba MB 8. Kanuni za hifadhi ya USB zilikuwapo tayari, ila viwanda vingi havikuzifuata sawasawa. Mfano ni ukubwa wa kifaa. Kompyuta huuliza namba ya kipande cha mwisho cha hifadhi. Kwa kuwa hesabu huanzia sifuri, kifaa chenye vipande 1,000 kinapaswa kujibu 999. Vingine hujibu 1,000. Kompyuta ikienda kusoma kipande kisichokuwapo, kifaa huweza kukwama.

Matthew Dharm, aliyeisimamia kwa miaka mingi draiva ya Linux inayoendesha hifadhi za USB, Alan Stern na wenzao waliorodhesha vifaa hivyo kimoja kimoja katika faili hilo: namba ya kiwanda, namba ya bidhaa na dawa ya kasoro yake.

Kisha ikaja modemu. Huawei E220, iliyotoka mwaka 2006 na yenye namba 12d1:1003, ilipochomekwa ilijitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows. Kwenye Linux ilibaki CD, intaneti haipatikani, mpaka draiva ilipoongezewa amri ya kuigeuza. Modemu za namna hiyo zilipozidi, kazi kubwa ya kuzigeuza ikahamia kwenye programu ya usb_modeswitch ya Josua Dietze.

Orodha hiyo ilirefuka kwa sababu watumiaji wa kawaida waliandika kueleza kilichowakwamisha. Vijana wanaosomea kompyuta hapa Rubavu wanaweza kufanya vivyo hivyo. Kifaa kikigoma, andikeni amri ya lsusb, nakilini namba zake mbili, elezeni kilichotokea, kisha wapelekeeni wasimamizi wa Linux. Taarifa moja iliyoandikwa vizuri itamsaidia kila atakayenunua kifaa kama hicho baada yenu.