Habari za Kusoma Viumbe kwa Mikono

Wasomaji wetu wa Kilolo wajua ya kuwa misitu ya milima ya Udzungwa imejaa wanyama na ndege. Lakini si wote wajuao jinsi ulimwengu ulivyopata habari za baadhi yao, wala jinsi habari hizo zifungamanavyo na namna ya kuwafundisha vijana. Twapenda kuyaeleza hayo kwa ufupi, kwa maana yazihusu shule zetu.

Zamani elimu ya viumbe, yaani biolojia, ilifundishwa zaidi kwa maneno. Mwalimu alisema, wanafunzi wakaandika, basi. Kule Uingereza mmoja wa walioigeuza desturi hiyo ni Thomas Henry Huxley. Mwaka 1871 alifungua mafunzo kwa walimu wa shule huko South Kensington, katika mji wa London. Akiisha kuwaeleza habari za kiumbe, aliwapeleka mezani wakishike wenyewe, wakipasue, wakitazame kwa hadubini na kukichora. Mwaka 1875, pamoja na H. N. Martin, alitoa kitabu cha kazi hizo. Hakuanza na simba wala tembo. Alianza na chachu, kiumbe asiyeonekana kwa macho matupu, akapanda daraja kwa daraja hata akafika kwa chura.

Na chachu si mgeni kwetu. Wakati wa mvua mgema hukata ncha ya mwanzi mchanga na kukinga maji yake. Maji hayo huwa matamu kwanza, kisha hutoa povu na kuwa makali: ndio ulanzi. Kila mtu alijua ya kuwa ulanzi huchacha, lakini kwa nini? Tia tone moja chini ya hadubini, nawe utaona viduara vidogo, na vingine vimechipua viduara vidogo zaidi ubavuni. Hiyo ndiyo chachu, nayo ni hai: hula sukari, ikazaana. Mtoto aliyeona hayo kwa jicho lake hana haja ya kukariri.

Elimu ya namna hii ilifika kwetu polepole. Chuo cha Makerere, Uganda, kilianza mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, kikakua, na vijana wa Tanganyika waliotaka elimu ya juu walisafiri kwenda huko. Julius Nyerere alisoma huko toka 1943 hata 1945. Aliporudi akafundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora, na biolojia ilikuwa miongoni mwa masomo yake. Mwaka wa uhuru, 1961, chuo kikafunguliwa Dar es Salaam kwa somo la sheria. Kitivo cha sayansi kikafuata mwaka 1965. Hata mwaka 2005 shule ya Mkwawa, Iringa, ikageuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuwalea walimu, na wa sayansi pia. Hivyo kijana wa Kilolo, ambaye zamani angevuka nchi nzima, sasa aweza kufika maabara ya chuo kwa nauli ya basi.

Je, kuna faida gani? Na tutazame msitu wetu wenyewe. Mwaka 1991 wataalamu wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini katika milima ya Udzungwa. Siku moja walikula kitoweo cha ndege walionaswa msituni, wakaona ndani ya chungu miguu ya ndege wasiyemfahamu. Wakamtafuta ndege mwenyewe, wakampima, wakamlinganisha na wengine. Mwaka 1994 wakatangaza ya kuwa ni kwale wa jamii mpya kabisa, ambaye ndugu zake wa karibu wako Asia. Wenyeji walikwisha kumjua ndege huyo kwa kumla. Lakini mtu aliyezoea kushika mguu wa ndege na kuuchunguza ndiye aliyeweza kuuliza swali mbele ya chungu.

Vivyo hivyo kima aitwaye kipunji. Wawindaji wa Rungwe walimjua kwa jina, na maneno yao ndiyo yaliyowaongoza wataalamu hata wakamwona mwaka 2003. Mwaka 2004 alionekana pia katika msitu wa Ndundulu, huku Udzungwa. Kisha kipunji mchanga akakutwa amekufa katika mtego wa mkulima huko Rungwe. Mwili wake ukachunguzwa maabarani, na mwaka 2006 ikajulikana ya kuwa naye ni wa jamii ya peke yake. Mwindaji alitoa jina, maabara ikatoa ushahidi. Pasipo mmoja, kazi ya mwingine ingalipungua.

Yatupasa kuyakumbuka hayo. Katika miaka ya 2014 na 2015 wananchi nchini kote waliombwa kuchangia ujenzi wa maabara za shule za sekondari za kata: moja ya fizikia, moja ya kemia, moja ya biolojia. Watu walitoa fedha, mchanga, mawe na nguvu zao. Lakini kuta peke yake hazimfundishi mtu. Maabara iliyofungwa kufuli ni ghala tu, na mtoto anayechora chura kwa kuiga ubaoni amejifunza kuchora, hajamjua chura.

Kwa hiyo twawasihi wazazi, mtoto arudipo nyumbani, msimwulize tu amepata alama ngapi. Mwulizeni, "Leo umeshika nini, nawe umeona nini?" Akikosa jibu siku nyingi, nendeni shuleni mkaulize kwa adabu kufuli la maabara hufunguliwa lini. Nasi walimu, hata kama hadubini ni moja kwa wanafunzi sitini, tuna maharage ya kuotesha katika kopo, majani ya kupasua kwa wembe, na msitu mlangoni petu ambao haujamaliza kutoa habari zake.