Daftari la Habari za Wazee: Kazi ya H. S. K. Mwaniki katika Embu na Meru



Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Katika taarifa kama hii twazoea kutazama kwanza hesabu za fedha: ada zilizolipwa, wagonjwa waliosaidiwa, mazishi yaliyogharimiwa. Lakini iko mali nyingine iliyokaa miaka mingi bila daftari, nayo ni habari za wazee. Twapenda kueleza kazi ya mtu aliyeitafutia daftari lake, yaani Henry Stanley Kabeca Mwaniki.

Embu ilishindwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1906, na muda si mrefu baadaye utawala wao ukafika Meru. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 18 siku za vita vile alikuwa mzee wa miaka 82 ifikapo mwaka 1970. Basi katika miaka ile ya mwanzo ya uhuru walikuwa wamebaki wachache tu walioyaona mambo ya kale kwa macho yao. Kila mmoja aliyezikwa alikwenda na habari ambazo hazikuandikwa popote.

Mwaniki aliwaendea wazee akawauliza. Matunda yake ni vitabu viwili vilivyopigwa chapa na East African Literature Bureau. Cha kwanza, *The Living History of Embu and Mbeere*, kilitoka mwaka 1973. Humo alikusanya masimulizi akayapanga yawe historia moja. Cha pili, *Embu Historical Texts*, kilitoka mwaka 1974, nacho chawaacha wazee waseme wenyewe. Baadaye alivuka mpaka wa Embu akashika habari za Wachuka, ambao huhesabiwa pamoja na Wameru. Juu yao aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, mwaka 1982. Kadhalika alifundisha historia katika Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Twaona kwamba heshima yake kubwa imo katika kile kitabu cha pili. Mwandishi wa historia aweza kusikia wazee kumi, akachagua neno limpendezalo, akayatupa mengine. Mhariri mwaminifu hafanyi hivyo. Huliweka neno la kila mzee mahali pake, ili msomaji apime mwenyewe, hata kama litampinga yeye mwandishi. Na wazee hawakubaliani katika kila jambo. Katika Embu husimuliwa habari za Mwene Ndega, ambaye kichaka chake kitakatifu ki karibu na Runyenjes. Katika Meru husimuliwa juu ya Mbwa, nchi ya utumwa chini ya Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, na juu ya safari ya kuvuka maji. Mtu akizichanganya habari hizi ili zilingane, atakuwa ameziharibu zote.

Tena jambo hili si la kujifurahisha jioni. Sheria ya mwaka 1968 ya kuamua haki za ardhi ilipotumika Mbeere, koo zilishindana mbele ya kamati, kila moja ikitaja babu zake na mahali walipokaa. Jina la babu likawa na thamani ya shamba. Wakati kama ule masimulizi hunyoshwa na kukunjwa kwa kufuata faida. Ndipo ionekanapo faida ya neno lililoandikwa pamoja na jina la msemaji wake: haliwezi kubadilishwa kimya kimya.

Hata hivyo kazi ile ina upungufu mmoja, nao ni lugha. Vitabu vya Mwaniki vilitoka kwa Kiingereza, na wazee wengi waliotoa habari hawakuweza kuvisoma. Kwa upande wa Meru, Daniel Nyaga alichukua njia nyingine mwaka 1986, alipotoa *Mikarire na Mituurire ya Ameru* kwa Kimeru chenyewe. Njia zote mbili zatakiwa: moja ili dunia ijue, nyingine ili mwenye habari aweze kuisahihisha.

Basi, ndugu wanachama, hatuna budi kuiga. Anayejua kuandika na aketi na mzee wake. Aandike jina lake, ukoo wake, rika lake na tarehe ya mazungumzo. Aandike maneno kama yalivyosemwa, bila kuyapamba. Mzee wa pili akisema kinyume, na aandikwe pia, wala asilazimishwe kukubali. Chama kinachotunza risiti ya kila shilingi hakishindwi kutunza neno la mzee, kwa maana shilingi iliyopotea yaweza kuchangwa tena, lakini neno la aliyezikwa halichangwi.