Reli Ilifika, Kifurushi Kikabaki Stesheni

Tarehe 20 Desemba 1901 reli kutoka Mombasa iligusa maji ya Ziwa Victoria. Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wake, ndiye aliyegongelea kipande cha mwisho, na kwa miaka michache mahali hapo palibeba jina lake, Port Florence, kabla ya Kisumu kurudi kuitwa Kisumu. Kilomita zipatazo 940 zilikuwa zimekatwa. Mzigo uliochukua miezi kwa miguu kutoka pwani sasa ulifika kwa siku chache.

Vitabu vingi vya historia hufungia hapo. Lakini mzigo ukishashushwa stesheni, mwenyewe yuko Asembo, Alego au Rusinga. Nani anampelekea? Swali hilo lina zaidi ya miaka 120 sasa, na kampuni za vifurushi zinazofungua ofisi Kisumu leo zimelikuta likiwa limejibiwa kwa njia nyingi na watu ambao hawakuwahi kuitwa kampuni.

Wa kwanza walikuwa matarishi. Kabla ya reli, barua za Uganda zilipita kwa Nabongo Mumia wa Wanga, kituo kikubwa cha misafara, zikibebwa na watu waliotembea kwa zamu. Reli haikuwaondoa. Serikali ya kikoloni ilipotaka neno lake limfikie chifu aliye mbali na njia ya treni, tarishi alipewa barua iliyobanwa kwenye ufa wa fimbo akaambiwa aende. Alijua mito, alijua kivuko kipi hakipitiki wakati wa masika, alijua boma la nani liko upande gani wa kilima. Maarifa hayo hayakuandikwa popote, naye mwenyewe hatajwi kwa jina katika kumbukumbu nyingi zinazotaja jina la kila mhandisi.

Upande wa majini, meli ya SS William Mackinnon ililetwa vipande vipande, vingine mabegani mwa wapagazi, ikaungwa Kisumu na kuanza safari mwaka 1900. Baada yake zikaja Winifred, Sybil na Clement Hill. Hizo ndizo zilizofungua ufuo: Kendu Bay, Homa Bay na Asembo Bay zikawa gati za kushushia shehena, na maduka yakaota pembeni mwa gati. Mfanyabiashara Allidina Visram, aliyekuwa akifuata reli stesheni hadi stesheni na kufungua duka kila ilipofika, alikuwa na tawi Kisumu. Wenye maduka wadogo wakafuata nyayo zake hadi ndani kabisa ya Nyanza. Duka likawa mahali pa kuuzia na pia pa kuachia. Mtu akikutumia kitu, ulikikuta kwa mwenye duka, chini ya kaunta, na hukulipia chochote ila ulinunua chumvi pale pale.

Kuna kipindi ambacho watu wa Kisumu wenyewe hukisahau. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianza safari ya kila wiki ya kubeba barua kutoka London hadi Mwanza, na Kisumu ilikuwa kituo chake kimojawapo. Ndege za boti zilitua ziwani, zikaelea hadi gatini, magunia ya barua yakashushwa. Kuanzia 1937, ndege kubwa zaidi za aina hiyo zilipita Kisumu zikielekea Mombasa na Durban. Mji huu mdogo wa ziwani ulikuwa katika njia kuu ya barua ya himaya nzima, kati ya Khartoum na kusini mwa Afrika. Barua iliyosafiri namna hiyo ikitoka Ulaya ilishuka Kisumu, na kuanzia hapo, kama anayeandikiwa alikuwa mwalimu wa misheni huko Maseno au askari aliyestaafu huko Gem, iliendelea kwa baiskeli na kwa miguu.

Posta ya Kenya haikujengwa kwa kupeleka barua mlango kwa mlango. Ilijengwa kwa masanduku. Jengo la Posta pale Oginga Odinga Street lina safu za visanduku vyenye namba, na asiyekuwa na sanduku lake alitumia la mwingine: la kanisa, la chifu, la kiwanda cha sukari, na zaidi ya yote la shule. Yeyote aliyesoma Nyanza kabla ya simu za mkononi anakumbuka gwaride la asubuhi ambapo mwalimu wa zamu, baada ya kukagua kucha, alitoa bahasha mfukoni na kusoma majina. Mtoto wa darasa la 4 ndiye aliyekuwa posta ya kijiji. Alipewa bahasha ya jirani yao, akaambiwa asipitie mtoni, naye jioni akaifikisha. Ndani ya bahasha mara nyingi kulikuwa na karatasi ya hawala ya posta kutoka kwa baba aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mombasa au kwenye reli Nairobi.

Naamini utaratibu ule ulistahili heshima kubwa kuliko uliyopewa. Ulisimama juu ya uaminifu wa walimu, na uliendelea hata mashirika yaliyo juu yake yalipovunjika: Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, ambapo reli, meli na posta ziligawanywa kati ya nchi tatu, kisha shirika la posta na simu, lililogawanywa mwaka 1999 na kuizaa Posta Kenya ya leo. Udhaifu wake ulikuwa mmoja. Bahasha ilipita, lakini kifurushi kikubwa hakikupita.

Hicho kikapanda basi.

Akamba ilibeba mizigo ya watu wa Nyanza kwa miongo mingi kabla haijatoweka barabarani mwanzoni mwa miaka ya 2010. Easy Coach ilianza mwaka 2003 na kushika njia za magharibi. Kampuni za ulinzi nazo zilifungua vitengo vya vifurushi. Ila msingi ulikuwa mazoea ya dereva na makanga. Dada aliyeko Nairobi anafunga sare ya shule na daftari kwenye boksi la mafuta ya kupikia, anaandika kwa kalamu nene jina na namba ya simu pande mbili, analifikisha stendi jioni. Ukienda asubuhi kwenye ofisi ya mizigo ya basi lolote Kisumu utaona utaratibu huo hadi leo. Magari ya usiku yameingia alfajiri, karani anaburuta maboksi na kuyapanga sakafuni, anasoma majina kwa sauti. Wanaongoja wameshika vitambulisho na simu zenye ujumbe wa namba ya mzigo. Kuna spea za pikipiki, kuna godoro lililokunjwa, kuna bahasha ya cheti cha kuzaliwa. Upande wa pili wa ofisi mizigo ya kupanda inangoja: omena iliyokaushwa ndani ya magunia, ngege waliokaangwa wakafungwa magazeti kisha plastiki. Karani hukataa samaki wasiofungwa vizuri, maana mafuta yakimwagikia nguo za mtu, atakayelipa ni yeye.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007 iliondoa kitu kimoja ndani ya maboksi hayo, yaani pesa. Hapo awali noti zilishonwa kwenye pindo la blanketi au kukabidhiwa makanga mkononi. Pesa zilipohamia kwenye simu, kifurushi kikabaki kifurushi, na muuzaji wa soko la Kibuye akaweza kumwuzia mtu wa Bondo asiyemwona: nusu ya bei inatumwa kabla, nusu mzigo ukifika. Nadhani badiliko hilo lilifanya kazi kubwa kuliko programu yoyote ya simu iliyokuja baadaye.

Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo. Bodaboda ilikuwepo kitambo. Ilianzia mpakani Busia miaka ya 1960, ambapo vijana wa baiskeli walivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Kisumu iliijua vyema ya baiskeli, kiti kikiwa kimeshonewa sponji juu ya keria, mamia yao yakipanda na kushuka kati ya Kondele na mjini. Pikipiki ikaipokea kazi hiyo na kuipeleka mbali, mpaka kwenye njia za mbuzi. Kwa mara ya kwanza tangu siku za tarishi kukawa na mtu anayeweza kutoka mjini na mzigo wako na kusimama mlangoni pako.

Anauonaje mlango wenyewe? Mitaa ya Manyatta, Nyalenda na Obunga haina namba za nyumba ambazo mtu anaweza kuzifuata. Kuna huduma ya Posta inayogeuza namba ya simu kuwa anwani, nayo imewasaidia wengi kujua barua imefika. Lakini mwendeshaji aliye njiani anahitaji maelezo ya kumfikisha, na anayapata kwa kupiga simu.

“Mama, niko hapa kwa transfoma.”

“Hiyo ya kwanza ama ya pili? Kuja mpaka kanisa la Legio, uulize kwa mama wa chapati. Mwambie ni mzigo wa mama Akinyi.”

Akifika kwa mama wa chapati anaelekezwa, na kama mwenye mzigo hayupo unaachwa hapo hapo. Mama huyo hana mkataba na kampuni yoyote. Leo kampuni zinafungua vituo vya kuchukulia mizigo ndani ya maduka ya mitaa na kuviita uvumbuzi, ilhali ni kaunta ile ile ya duka la Kendu Bay.

Jumia iliingia Kenya mwaka 2013 na kueneza vituo vya kuchukulia nje ya Nairobi. Sendy, kampuni ya Kenya iliyowaunganisha wenye mizigo na waendeshaji kwa simu, ilikua haraka ikapata wawekezaji wakubwa, kisha ikafungwa mwaka 2023. Kati ya hapo likaja janga la korona. Kuanzia Aprili hadi Julai 2020 watu walizuiwa kuingia na kutoka Nairobi, mizigo ikaruhusiwa. Boksi likawa na uhuru ambao aliyelifunga hakuwa nao. Juni 2021 zamu ikawa ya Kisumu na kaunti jirani, 13 kwa jumla, zilizowekewa kafyu ya saa moja usiku. Wauzaji wa nguo na vipodozi waliokuwa wakingoja wateja dukani walijifunza kuuza kwa WhatsApp, na wengi hawakurudi nyuma.

Wanaoumia katika mtindo huu mpya ni waendeshaji, na jambo hili linanikera. Mteja asiposhika simu, mafuta yaliyochomwa kwenda Mamboleo na kurudi ni ya mwendeshaji. Mteja akifungua kifurushi akakuta kiatu si saizi yake, anayefokewa ni yule aliyesimama mbele yake na kofia mkononi. Pikipiki nyingi zimechukuliwa kwa mkopo unaolipwa kila siku, mzigo uwepo usiwepo. Ajali ikitokea barabara ya Nyamasaria, kifurushi huenda kina bima kuliko aliyekibeba. Serikali inajua kutoa leseni kwa kampuni za vifurushi kupitia Mamlaka ya Mawasiliano. Hatua 500 za mwisho zinamtegemea mtu ambaye leseni hiyo haimtaji.

Na ardhi ikiisha, hesabu inaanza upya. Wapo wanaopita angani: kule Chemelil, katika kaunti hii hii ya Kisumu, kampuni ya Zipline ina kituo ambapo ndege zisizo na rubani hurushwa kupeleka chanjo na dawa katika hospitali za eneo hili, zikidondosha boksi kwa mwavuli. Kwa mgonjwa anayengoja ni jambo kubwa, na ziwa hili lililoshuhudia ndege za barua za 1931 lina kila haki ya kuona nyingine. Sare ya mtoto wa kisiwa cha Mfangano, hata hivyo, inakwenda kwa njia nyingine. Inatoka Kisumu kwa matatu hadi Mbita, ama hadi Luanda Kotieno ikavushwa kwa feri. Mbita inakabidhiwa nahodha wa boti ya abiria. Boti hupendelea kuondoka mapema kabla upepo wa mchana haujachafua maji, na magugu maji, yaliyoingia upande wa Kenya miaka ya 1990, yakisukumwa na upepo ule yanaweza kuziba gati kwa usiku mmoja.

Anayetuma mzigo Sena, kituo kikuu cha Mfangano, hulipa mara tatu: matatu, anayeupokea Mbita, na boti. Anayetuma Remba au Ringiti hulipa zaidi, na hupiga simu zaidi. Boti ya asubuhi ikikosekana, mzigo hulala Mbita kwa mwenye kibanda ufuoni, aliyeandika jina la mpokeaji kwenye daftari lake la madeni ya sukari, na kesho yake nahodha akija anamwita, “Jaduong', kuna mbili zako hapa.”