Vivumishi vya Utaifa katika Lugha za Skandinavia

Katika Kiswahili, tukisema "kitabu cha Kiswidi" na "nyumba ya Kiswidi", upatanisho hubebwa na kiunganishi cha -a, ilhali neno "Kiswidi" halibadiliki. Katika lugha za Skandinavia mzigo huo hubebwa na kivumishi chenyewe. Maumbo svensk, dansk na norsk yana kiambishi tamati -sk, kilichorithiwa kutoka lugha mama ya Kigermaniki. Ndugu yake katika Kijerumani ni -isch.

Umbo la kale zaidi la upatanisho huo limehifadhiwa katika Kiaislandi. Humo husemwa danskur kwa jinsia ya kiume, dönsk kwa ya kike na danskt kwa isiyo ya kiume wala ya kike. Badiliko la irabu katika dönsk ni athari ya irabu u, iliyokuwa mwishoni mwa neno kabla ya kudondoshwa. Katika Zama za Kati, dönsk tunga, yaani "ulimi wa Kideni", lilikuwa jina la lugha ya Waskandinavia wote, wala si ya Wadeni peke yao.

Baadaye njia ziligawanyika. Kiswidi husema en svensk bok (kitabu), ett svenskt hus (nyumba) na svenska böcker (vitabu). Kideni na Kinorwei, kwa upande wao, havitumii -t katika vivumishi hivi: et dansk hus, et norsk hus. Hata hivyo, katika wingi, na pale nomino inapokuwa bayana, huongeza -e: danske, norske.

Umbo hilo la norske lilipata uzito wa kisiasa mwaka 1814. Norwei, iliyokuwa imetengana na Denmaki na kuingia katika muungano na Uswidi, iliagiza katika katiba yake ya Novemba kwamba sheria ziandikwe kwa lugha ya Kinorwei. Maandishi yenyewe, hata hivyo, yalikuwa ya Kideni. Jina lilitangulia lugha. Ivar Aasen alijibu pengo hilo kwa sarufi ya lahaja za vijijini mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850; na mwaka 1885 Bunge likaipa lugha aliyoijenga hadhi sawa na ile iliyotokana na Kideni. Mwaka 1929 lugha hizo mbili zilipewa rasmi majina nynorsk na bokmål.

Ni dhahiri, basi, kwamba kivumishi cha utaifa hakielezi nomino tu; huweza pia kudai umiliki.