Sindano za Temeke, Kura za Washington

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa dawa ya methadoni kwa waraibu wa heroini. Mwaka 2012 huduma ikafika Mwananyamala, wilayani Kinondoni, na 2014 ikafika Hospitali ya Temeke. Kwa kawaida mgonjwa hufika dirishani kila siku, akapewa dawa ya maji kikombeni, akainywa hapohapo mhudumu akimwangalia. Dawa ni bure. Nauli ya daladala ni juu yake.

Shabaha haikuwa kuwatoa watu kwenye unga tu. Uchunguzi wa miaka hiyo Temeke ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya wanaojidunga walikuwa na VVU, wakati kitaifa kiwango kwa watu wazima kilikuwa asilimia 5.1. Bomba moja la sindano lilizunguka maskani nzima, na virusi navyo vikazunguka.

Methadoni ilipata fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanza 2003. Mabomba safi yalikwama kwenye siasa za huko. Bunge la Marekani lilikataza fedha za serikali kununua sindano za kugawa mwaka 1988, likalegeza Desemba 2009, kisha likarudisha katazo Desemba 2011. Temeke, sindano ziligawiwa na shirika la Kifaransa, Médecins du Monde.

Nyumbani nako kulikuwa na mvutano wake. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku vilainishi vya kujamiiana, na Februari 2017 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kufungwa kwa vituo 40 vilivyohudumia makundi yaliyo hatarini zaidi kuambukizwa VVU, kwa hoja kwamba vilihamasisha ushoga. Safari hii fedha zilikuwepo. Kibali ndicho kilichoondolewa.

Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje. Tanzania ilikuwa na Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI, uliowekwa kisheria mwaka 2015, lakini ulikuwa mdogo mno kuziba pengo hilo. Juni 2025 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alipendekeza tozo mpya za kuutunisha, sehemu ikienda bima ya afya kwa wote.

Ni hatua sahihi, ila shilingi yetu nayo ina siasa zake. Vidonge vya walioambukizwa vina watetezi wengi. Anayejidunga Temeke hana. Wabunge wa Dar es Salaam waulize kila bajeti: katika mfuko huo, kinga imetengewa kiasi gani, na methadoni na mabomba safi vimo?